Paukwa Isiyo na Pakawa

Kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, watu kati ya ishirini na thelathini wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, hukusanyika katika ua wa nyumba moja, hutandika mikeka, hunywa kahawa kwa kashata, na kutambiana ngano mpaka watoto wadogo waanze kusinzia mapajani mwa mama zao. Hatuna katiba wala ofisi. Tulichonacho ni wazee watatu au wanne wanaozijua ngano kwa wingi, wengine kadhaa tunaojifunza kwao, na kundi la watoto ambalo idadi yake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua na mitihani ya shule.

Mwaka jana taasisi moja ilitujia kwa nia njema kabisa, ikatuandalia shindano la utambaji. Palikuwa na jukwaa, kipaza sauti, viti vya plastiki vilivyopangwa kwa safu, na kila mtambaji alipewa dakika tano. Mwaka huu taasisi hiyo imerudi na pendekezo lile lile, na kikundi chetu kinalijadili. Ninaandika makala haya ili nieleze kwa utulivu, kuliko nilivyoweza kueleza katika kikao, kwa nini nadhani tusilikubali kwa sura ile, na kwa nini naamini kwamba jambo linalopungua katika ngano zetu leo si watambaji, wala si ngano zenyewe, bali ni watu wanaojua kuitikia.

Anayetaka kutamba ngano huanza kwa kusema, “Paukwa!” Hawezi kuendelea mpaka ajibiwe, “Pakawa!” Wanaokumbuka zaidi huendelea pamoja naye: kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupitia. Nimewahi kuulizwa na vijana maana ya maneno hayo, na jibu langu ni kwamba kazi yake ni kubwa kuliko maana yake. Ni mlango. Mtambaji anabisha hodi, na waliomo ndani ndio wanaoamua kumkaribisha. Hata penye utamaduni wa kuanza kwa “Hadithi, hadithi!” bado jibu linadaiwa, “Hadithi njoo!”, na mtambaji anayejibiwa kwa sauti mbili tatu za uvivu ana haki ya kurudia mpaka aridhike kwamba watu wamefika, kwa maana ya kwamba miili na masikio yao vimefika pamoja.

Katika shindano la mwaka jana, watambaji wetu walisema paukwa yao, safu ya mbele ikajibu, na baada ya hapo hadhira ikanyamaza kimya hadi mwisho, ikapiga makofi kama yanavyopigwa baada ya hotuba. Kwa sababu ya zile dakika tano, kila mtambaji alilazimika kukata kitu, na wote, bila kuambizana, walikata kitu kimoja: nyimbo. Mtu akibanwa na saa huona kwamba wimbo hausogezi kisa mbele, hivyo huuondoa na kubaki na matukio. Bibi mmoja wa asili ya Muheza, ambaye ngano zake za Kibondei na Kiswahili ndizo nguzo ya kikundi chetu, alishuka jukwaani akaniambia kwamba alijiona kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe.

Nichukue ngano moja nieleze ninachokisema, na nichague ile ya nunda, kwa kuwa ndiyo inayoombwa zaidi na watoto wetu. Sultani alikuwa na paka aliyempenda. Paka yule akala kuku, watu wakashtaki, Sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu likawa lile lile. Akaingia kula watu, Sultani akaendelea kumkingia kifua, mpaka siku paka alipowala watoto wa Sultani mwenyewe, ndipo alipokiri kwamba yule si paka tena, ni nunda mla watu. Mtoto wake wa mwisho, ambaye hakuna aliyemtarajia kufanya lolote, akaaga kwenda kumwinda.

Kijana huyu hamjui nunda. Akaenda msituni, akaua mbwa, akamburura mpaka nyumbani huku akiimba, “Mama wee, niulaga nunda mla watu!” Mama akatoka, akamtazama, akamjibu kwa wimbo kwamba siye. Akarudi msituni, akaleta ngawa, mama akajibu kwamba siye. Akaleta punda milia, akaleta twiga, akaleta kifaru, akaleta ndovu, na kila mara mama akajibu, “Mwanangu, siye, siye, nunda mla watu!”

Sasa, katika ua wetu, mama huyo ni nani? Mtambaji ndiye kijana. Mama ni sisi tuliokaa mikekani. Sisi ndio tunaomwambia kwamba bado, arudi tena, na kadiri tunavyomjibu kwa nguvu ndivyo wanyama wanavyozidi kuwa wakubwa na hatua zake za kuwaburura zinavyozidi kuwa nzito. Nimemwona mtambaji akiongeza wanyama wawili ambao sikuwahi kuwasikia katika ngano hiyo kwa sababu tu watoto walikuwa wamepamba moto, na nimemwona akipunguza, usiku ambao mvua ilikuwa inanyemelea na watu wamechoka. Nunda halisi anapouawa hatimaye, na wimbo ukaimbwa kwa mara ya mwisho, jibu linabadilika: safari hii ndiye. Utamu wa neno hilo hauwezi kumfikia mtu ambaye hakulisema “siye” kwa kinywa chake mara saba au nane kabla yake. Ukiutoa wimbo ili kuokoa dakika, umebaki na taarifa ya kijana aliyeua mnyama.

(Katika wimbo huo limo neno “niulaga”, kitenzi cha kale ambacho siku hizi hakisikiki sokoni wala redioni, leo tungesema nimemuua. Watoto wa mtaa wetu wanalijua na kulitumia katika michezo yao. Hakuna aliyewafundisha kwa kamusi.)

Ngano hiyo haiko hatarini kupotea kwa maana ya kusahauliwa maneno yake. Ilichapishwa mwaka 1870 mjini London, katika mkusanyiko wa ngano alizozipata mmisionari Mwingereza Edward Steere kwa watambaji wa Unguja, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Nina heshima kubwa kwa kazi hiyo, maana bila yake tungekuwa tunabahatisha tu namna ngano zilivyotambwa miaka mia moja na hamsini iliyopita, na wimbo wa kijana na mama yake umo mle. Lakini kitabu hakikuweza kumwandika yule aliyekuwa akiitikia. Majibu yake yamo katika maandishi kana kwamba ni maneno ya mhusika, na msomaji anayepitia peke yake hupita haraka kwenye marudio hayo, kama ambavyo mimi mwenyewe nilipita nilipoyasoma kwa mara ya kwanza chuoni, nikidhani ni udhaifu wa mtunzi asiyejua kufupisha.

Hilo ndilo linalonifanya niwe na tahadhari na simu zetu pia. Wapo wanakikundi wanaosisitiza kwamba kila usiku urekodiwe, na hoja yao ni ya kweli: wazee wanaondoka, na anayeondoka huondoka na vitu. Simpingi anayerekodi. Ninachokipinga ni ile hisia ya kuwa kazi imekwisha pindi rekodi ikihifadhiwa. Tanzania iliuridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unahesabu mambo mengi kuwa sehemu ya ulinzi: kutambua, kuweka kumbukumbu, kutafiti, na pia kurithisha, iwe shuleni au nje ya shule. Sisi tumelishika la kumbukumbu kwa mikono miwili kwa sababu ni rahisi, lina kifaa chake, na matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo. La kurithisha halina kifaa. Linadai mtoto mmoja akae katika mkeka mmoja usiku mwingi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo naomba nilisemee na darasa. Wanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa fasihi simulizi kwa bidii. Wanaweza kueleza tofauti ya ngano, visasili na vigano, wanajua kwamba anayesanii huitwa fanani na wanaosikiliza ni hadhira, na wanaweza kuorodhesha sifa za mtambaji bora bila kukosea. Siku moja niliingia katika darasa la wanafunzi zaidi ya arobaini na, kabla ya salamu, nikasema, “Paukwa!” Walijibu watatu. Wengine walitazamana, na mmoja akafungua daftari akidhani ni mada mpya. Sikuwalaumu hata kidogo, wala sijiungi na wale wanaosema watoto wa leo wameharibiwa na katuni za kwenye simu. Mtoto huitikia alichozoeshwa kuitikia, na hawa hawakuwa wamezoeshwa na yeyote, mimi nikiwa mmoja wa hao ambao hawakuwazoesha.

Namna ya kumzoesha ipo, nayo ni ya zamani. Katika kikundi chetu hakuna ngano kabla ya vitendawili. “Kitendawili!” “Tega!” “Kuku wangu katagia mibani.” Anayejua atasema nanasi. “Popoo mbili zavuka mto.” Macho. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, na hapo ndipo watoto wetu wanapokuwa wagumu kweli kweli, kwa kuwa mtoto wa Tanga yuko tayari kuitoa Mombasa au Bagamoyo, lakini Pangani, alikozaliwa nyanya yake, haitoi. Akishapewa mji, mtegaji hujigamba jinsi alivyofika huko, alivyopokewa na alivyokula, kisha ndipo hutoa jibu. Baada ya nusu saa ya mchezo huo, mtoto aliyekuja na haya zake ameshasikia sauti yake mwenyewe hadharani mara kumi. Ngano inapoanza, koo lake liko wazi.

Kuna jambo jingine tulilolijua kwa kukosea. Mwanzo kabisa tulikutana barazani, mbele ya nyumba, kwa kuwa ndiko wanaume wa mtaa huu wanakokaa jioni, na ndiko wageni wanakopenda kupiga picha. Ngano zilikuwa chache na kavu, zikitambwa na wanaume, nyingi zikiwa visa vya Abunuwasi, ambavyo navipenda, lakini havina nyimbo nyingi. Tulichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba wenye ngano za nyimbo ni mabibi, na kwamba bibi wa rika lile haketi barazani usiku kati ya wanaume na kuimba. Tulipohamia uani, walikuja na mikeka yao wenyewe, na baadhi wakiwa wanamenya vitunguu vya kesho. Tangu hapo kikundi kimekuwa kikundi. Jukwaa, kwa macho yangu, ni baraza iliyoinuliwa juu zaidi: kila hatua ya kuipeleka ngano mahali panapoonekana vizuri imetupunguzia wale wanaoijua.

Nitakiri pia kosa langu la kiualimu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiuliza, mara tu ngano ilipokwisha, “Hadithi hii inatufunza nini?” Watoto wangejibu kwamba tusiwe wakaidi, tuwaheshimu wakubwa, na wangejibu hivyo kwa ngano yoyote ile, hata ambayo mkubwa ndiye aliyekuwa mpumbavu. Nilipoacha kuuliza, walianza kubishana wao kwa wao wakirudi nyumbani, kama Sultani alistahili kufiwa na watoto kwa kumlinda paka wake, na kama mama alifanya haki kumrudisha mwanawe msituni kila mara. Binti mmoja alishikilia kwamba mama alimjua nunda tangu mwanzo kwa kuwa alikuwa akimlisha. Sijawahi kulisikia wazo hilo kwa msomi yeyote, na linanifuata mpaka leo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikundi ni kwamba tuwaalike wenzetu wa taasisi ile waje uani siku ya Alhamisi, wakae chini, wategewe vitendawili, watoe miji yao. Kama fedha za zawadi zipo, zinunue mikeka, kahawa na taa ya sola kwa siku za kukatika umeme. Wakitaka kurekodi, warekodi, kwa sharti kwamba mwenye simu naye aitikie.

Mwezi uliopita bibi wetu wa Muheza alitamba nunda. Amezeeka sasa, na kumbukumbu yake inaanza kumponyoka. Alipomaliza twiga alinyamaza, akatazama mbele, na tukaona kwamba hajui kijana anarudi na nini. Sisi watu wazima tuliinamisha macho. Msichana wa miaka minane hivi, aliyekuwa karibu na miguu yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida, “Bado kifaru, bibi.” Bibi akasema, “Ehe, bado kifaru,” akakaa vizuri, akaanza kumburura, na ua mzima ukamjibu kwamba siye.