Mashine ya kutia dawa kwenye jakuzi, inafaa Mombasa ama la?

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, wawili wa Nyali na mama mmoja wa Shanzu mwenye nyumba ya kukodisha wageni. Ninunue ile mashine inayotia dawa yenyewe kwenye jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto na mapovu, ama niendelee na keateka, yaani mtunza nyumba, na kikombe chake cha klorini? Wauzaji wanasema ukishafunga hio kitu umemaliza, kazi yako ni kuoga tu. Mafundi wa zamani nao wanasema ni pesa unamwaga, mashine za ng'ambo haziwezi maji ya pwani. Mie nashika maji haya kila siku na naona wote wana ukweli wao lakini kila mmoja anakutajia ule upande unaomfaa.

Jakuzi si bwawa dogo, hapo ndo watu wengi wanakosea. Jakuzi la nyumbani ni kama lita 1,000 mpaka 1,500, halafu wanaingia watu wanne na jasho na mafuta ya nazi na losheni ya jua, ni kama umeingiza basi zima kwenye bwawa la hoteli. Joto linamaliza klorini haraka na yale mapovu yanaifukuza zaidi. CDC, shirika la Marekani la kuzuia magonjwa, inataka klorini kwenye jakuzi isipungue miligramu 3 kwa lita na pH, kile kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Ikishuka hapo kwa siku moja mbili kuna bakteria anaitwa Pseudomonas, huyo ndo analeta vile vipele vyekundu chini ya nguo ya kuogelea, na kuna Legionella anayepanda na mvuke mpaka kwenye mapafu. Mwaka 1999 kule Bovenkarspel Uholanzi, kwenye maonyesho ya maua, jakuzi la maonyesho lilisambaza Legionella, watu zaidi ya 200 waliugua na wasiopungua 32 walikufa, na wengi wao hata hawakuligusa maji, walikuwa wanapita tu.

Sasa Legionella anapenda joto la kama digrii 20 mpaka 45. Ulaya wakati wa baridi ukizima hita maji yanapoa, bakteria wanalala. Hapa Mombasa ukizima hita maji yanabaki vuguvugu hivyohivyo usiku na mchana, yaani jakuzi letu halina siku ya kupumzika, na hii ndo sababu kubwa ya mie kuipenda mashine, si uvivu wa mtu. Manake mkono wa binadamu hauendi hivyo. Nimekaa nikatazama keateka mmoja, kijana mzuri na mwaminifu kabisa, wageni wanaingia saa nane, saa sita anamwaga kikombe kizima cha klorini ya unga kisha anafunika. Saa kumi macho ya watoto ni mekundu. Jumapili asubuhi nikapima, hakuna kitu, sifuri, na watoto wamerudi ndani tangu saa mbili. Kijana hana kosa, hakuna aliyemuonyesha, lakini mashine ingetia kidogo kidogo usiku kucha na pasingekuwa na kile kilele wala lile shimo.

Haya, upande wa pili ni maji yenyewe. Maji ya mfereji yetu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na yanakuja kwa zamu, kwahivo wengi wanajaza jakuzi kwa kisima ama kwa bowza. Visima vya huku vimechimbwa kwenye matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mashine ya chumvi inapitisha umeme kwenye maji yenye chumvi kidogo inatengeneza klorini palepale, ni kitu kizuri sana kwa maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, lakini kazi hiyo inapandisha pH, na pH ikipanda chokaa inaganda kwenye zile bamba za ndani. Mwezi uliopita nilifungua moja ya Nyali, bamba zote zimeshonana kwa ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai, nikaloweka kwenye siki ikatokota kama soda. Kioo cha mashine kilikuwa na taa ya kijani muda wote. Nikachukua maji kidogo nikatia matone ya kupimia pH, yakageuka zambarau iliyoiva kabisa, juu ya 8. Kwenye pH ya 8 klorini yenye nguvu ni kama robo tu ya ile unayoihesabu, kwahivo mwenye nyumba alikuwa anaogesha wanawe kwenye maji ambayo taa inasema ni sawa. Hilo liliniuma, manake yule baba alinunua mashine kwa sababu anawajali.

Wanasema bamba zinajisafisha kwa kubadilisha mkondo wa umeme. Ni kweli, zinajitahidi, ila kwa maji ya kisima cha hapa haitoshi, lazima mtu afungue aangalie.

Zile mashine za sensa, yaani kijiti cha umeme kinachopima maji, na pampu, zinazovuta klorini ya maji na asidi kutoka kwenye mitungi, kwa kisima zinanipendeza zaidi sababu zinarudisha pH chini zenyewe. Lakini sensa inachakaa, inashika utando, inataka kusafishwa na kusawazishwa na ile dawa ya kupimia, na baada ya mwaka ama miwili unanunua nyingine. Klorini ya maji nayo ikikaa kwenye kibanda cha pampu chenye joto la hapa inaisha nguvu ndani ya wiki chache. Na tafadhali sana, ule mtungi wa asidi na wa klorini usiwaweke bega kwa bega, mpira ukiingizwa mtungi sio unapata gesi ya klorini na hio inaua. Ozoni na taa za UV sitazungumzia sana, zinasaidia lakini hazibakishi kinga kwenye maji, klorini ama bromini bado utatia.

Halafu stima. Ikipotea kwa masaa sita, pampu imelala na dawa imelala, na ikirudi kwa kishindo bodi inaungua. Bila kifaa cha kulinda umeme usinunue.

Msimamo wangu, kama nyumba ina wageni kila wiki nunua, tena ile ya sensa na pampu kama unatumia kisima, na mshahara wa keateka usiuguse, mfundishe kupima kwa matone kila asubuhi aandike kwenye daftari. Kama ni jakuzi la familia mnaoga wikendi, mkono unatosha, pima kabla ya kuingia na pima mkitoka, badilisha maji kila miezi mitatu. Na kama nyumba ni ya kuja Disemba na Pasaka peke yake usinunue chochote, mwaga maji yote, puliza na mabomba, liache kavu. Hawa wa mwisho ndo wananisumbua zaidi, manake ndo wanaouziwa mashine ghali kuliko wote kwa kuambiwa italinda maji wakiwa Nairobi, na miezi minne hakuna hata mtu wa kuona kama taa inawaka.

Yule mama wa Shanzu nimemwambia asilipe diposti bado, aniletee kwanza chupa moja ya maji ya kisima chake nipime chokaa na chumvi. Amesema Jumamosi ataipitisha.