Rubani wa kivita kwenye nchi ya watu: usaliti uko wapi?

Siku hizi neno usaliti hutoka mdomoni upesi. Safari hii limemwangukia kijana mmoja wa Iringa, mhitimu wa kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), aliyewaambia wakubwa zake kwamba ndoto yake ni kurusha ndege za kivita Marekani. Mjomba wake akamkata kauli: anayebeba silaha ya nchi nyingine ameshaiuza yake. Jibu hilo limesambaa, na hapa Mbeya nimelisikia kwa watu wenye heshima zao wakilirudia kama hukumu ya mahakama. Nadhani kosa wanaliona, ila wanalitafuta pasipo.

Hofu yao haikutoka hewani. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa masomoni Urusi alifungwa huko, akaingia Wagner, kundi la mamluki la Kirusi, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Mwili wake uliporudishwa Januari 2023, Dkt. Stergomena Tax, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alieleza kwamba sheria za Tanzania haziruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Baada ya msiba ule, mzazi akisikia mwanawe anataja jeshi la ng'ambo ana haki ya kushtuka.

Lakini huyu wa Iringa anataka urubani, na urubani una mlango wake. Katika Jeshi la Anga la Marekani rubani ni ofisa mwenye shahada, na hapewi kamisheni, yaani cheo cha uofisa, bila kuwa raia. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu Marekani, anaweza kuandikishwa uaskari wa vyeo vya chini. Chumba cha rubani hakigusi. Ufaransa nako wageni wanapokewa kwenye kile kikosi chao mashuhuri cha wageni, ambacho ni cha nchi kavu. Wapo wanaouita huo ubaguzi. Mimi siuiti hivyo. Ndege ya kivita ni siri inayoruka, na sisi wenyewe tunafanya vilevile: maofisa wanafunzi wa nchi rafiki hufunzwa kwenye chuo chetu cha kijeshi Monduli, wakimaliza hurudi kutumikia kwao.

Sasa hesabu ya kijana. Tuseme kapata grini kadi akiwa na miaka 20. Kwa kawaida ataishi Marekani miaka mitano ndipo aombe uraia, na katika miaka hiyo anaweza kusoma shahada yake. Akiwa na 25 au 26 anaomba nafasi ya urubani, wakati ukomo wa umri uko kwenye 33. Akifaulu na kupata mbawa zake, ile beji ya kuhitimu urubani, anadaiwa miaka 10 ya utumishi. Ni safari ndefu, lakini umri unamruhusu.

Na hapo ndipo hoja ya mjomba inapopoteza miguu. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaacha kuwa Mtanzania. Kwa hiyo kijana huyu, akifuata njia hiyo ndefu, siku anayoapa kuwa ofisa si raia wetu tena. Raia wa Marekani ameingia jeshi la Marekani. Usaliti uko wapi?

Cha ajabu, penye mlango mpana ndipo penye mtego. Uingereza hupokea raia wa Jumuiya ya Madola kwa masharti, na mwaka 2018 ilitangaza nafasi hadi 1,350 kwa mwaka kwa ajili yao. Kanada ilifungulia wakazi wa kudumu Novemba 2022. Marekani yenyewe humharakishia uraia mwenye grini kadi aliyejiandikisha uaskari. Njia zote hizo zinamwingiza mtu jeshini akiwa bado na pasi ya Tanzania mfukoni, yaani hali ileile aliyoisema Waziri. Hapo mjomba angekuwa na la kusema.

Kinachoninyima usingizi mimi ni mpangilio wa mambo. Uraia unaondoka kwanza, majibu ya urubani yanakuja baadaye. Kuna vipimo vya macho, vya moyo, mtihani wa usaili, uchunguzi wa historia yako, halafu mafunzo yenyewe ambako wengi hukatwa. Kijana anaweza kukwama kwenye kipimo cha macho, na wakati huo Utanzania ameshauacha. Kura hana. Shamba la parachichi ambalo baba yake analipalilia kwa ajili yake linaingia kwenye maswali, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hugawiwa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania imekuja kulegeza hilo kwa kiasi, na ni jambo jema, lakini hadhi si uraia.

Chukua stesheneri za Mwanjelwa, hapa Mbeya, misimu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile iliyokuwa ikitoa grini kadi kwa kura. Vijana walikuwa wakipigwa picha mbele ya shuka jeupe, anayejaza fomu anawauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, kiwango cha elimu, anapokea hela yake, anaita mwingine. Kuhusu uraia hakuna aliyeulizwa lolote. (Bahati nasibu yenyewe Washington iliisimamisha Desemba 2025.)

Ningekuwa mjomba, ningeacha habari ya usaliti nikakaa na kijana kupiga hesabu ya umri. Matangazo ya jeshi letu, JWTZ, ya miaka ya karibuni yamewataka waombaji wa kidato cha sita wasizidi miaka 24, na wenye shahada 27. Mlango wa nyumbani, kupitia kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa mfano Mafinga au Itende, unafungwa mapema kuliko wa Marekani, basi ndio wa kubishwa kwanza. Na mlango huo haumzuii kusomea urubani nje: Jeshi la Anga la Marekani lina mpango uitwao Aviation Leadership Program, unaofundisha marubani wa nchi rafiki zinazoendelea, wanaopelekwa na serikali zao na kurudi na sare zao. Nafasi ni chache sana. Akizikosa zote, atakuwa na miaka ishirini na kitu, shahada mkononi, na grini kadi ataiomba mlango wake ukiwa wazi.