Kustaafu Uganda: yote kwa mkupuo au kidogo kidogo?

Mfanyakazi wa kampuni binafsi nchini Uganda akitimiza miaka 55 anaruhusiwa kuchukua akiba yake yote iliyoko NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na wengi huichukua siku za mwanzo kabisa. Mwalimu wa serikali au karani wa wilaya husubiri hadi 60, kisha hupewa kiinua mgongo mara moja na pensheni kila mwezi. Kwenye vijiwe vya kahawa Bombo, mji wa kambi ya jeshi ambako maafande wastaafu hawakosekani, swali halijaisha: nani kati ya hao wawili ana nafuu?

Tuanze na hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi milioni moja hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza 10. Hiyo ni 150,000 kwa mwezi, na kwa miaka 25 inafika milioni 45 kabla ya kuhesabu faida. Sasa mtu huyo aliyezoea kuishi mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi anakabidhiwa pesa zote hizo asubuhi moja. Haijapita wiki, mpwa ana mahari ya kulipa, kijana wa nyumbani anataka bodaboda, na dalali ana kibanja ambacho "kesho hukikuti". Watetezi wa pensheni husema hapo ndipo uzee unapoharibika, na hawajakosea. Pensheni haikopeki kirahisi na shemeji.

Lakini wazee wanaotaka chao mkononi wana sababu zao. Mei 1987 serikali ilipobadilisha fedha, shilingi 100 za zamani ziligeuka 1 mpya, na juu yake asilimia 30 ikakatwa. Aliyekuwa ameweka akiba ya taslimu aliiona ikiyeyuka, aliyekuwa na ng'ombe au ardhi akabaki navyo. Katiba ya 1995, ibara ya 254, inataka pensheni ilipwe upesi na kwa utaratibu, tena ipitiwe kadiri thamani ya fedha inavyobadilika. Hata hivyo mwaka 2012 iligundulika kwamba mabilioni yalikuwa yakienda kwa wastaafu hewa, huku wastaafu halisi wakipanga foleni. Mtu aliyeyaona hayo ukimwambia "acha pesa yako tukutunzie" atacheka tu.

Sheria iliyotiwa saini Januari 2022 iliweka njia ya kati: aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Wapinzani wana hoja nzito. Mwaka wa fedha 2023/24 mfuko ulitoa faida ya asilimia 11.5, kwa kiwango hicho, pesa ikiachwa miaka 10 inakaribia kuwa mara tatu. Ukiila saa hizi, umekula na watoto wake. Mimi bado naona sheria ile ina faida ambayo haisemwi sana: inampa mtu nafasi ya kujaribu. Kuku wa mayai wakifa ukiwa na miaka 46, mshahara bado unaingia na umejifunza kwamba kuku hukuwawezi. Wakifa ukiwa na 56, umekwisha. Sharti ni moja tu, zichukuliwe kwa ajili ya jaribio lenyewe, siyo kulipia arusi.

Kuhusu nyumba za kupanga, ambazo kila mfanyakazi wa Kampala anaziota, watu hudanganyana. Ile safu ya vyumba kimoja kimoja, ambavyo Waganda huviita mizigo, ni ajira kamili. Januari na Februari kodi haionekani kwa sababu wapangaji wanalipa ada za shule. Wawili wanaotumia mita moja wanagombana nani kamaliza uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Choo kimejaa, na gari la kunyonya linataka pesa leo leo. Hatifungani za serikali, ambazo Benki Kuu huuza kuanzia shilingi 100,000 na kulipa riba kila miezi sita, hazina kelele hizo. Ila hazimpi mtu sababu ya kuoga na kuvaa asubuhi, na hiyo kwa mstaafu si haba. Ndiyo maana siwacheki wanaochagua wapangaji wasumbufu. Afande aliyekuwa akipigiwa saluti, akibaki bila hata mtu wa kumdai, huzeeka haraka.

Kwa akina mama mambo ni tofauti kidogo. Mama akistaafu, wajukuu huletwa wiki hiyohiyo, na muda aliodhani ni wake unakuwa wa ukoo mzima. Mipango ya kustaafu huandikwa kana kwamba kila mstaafu ni mwanamume mwenye shamba.

Nikilazimishwa kuchagua, nitasema: ukifika 55 usizitoe zote siku hiyo. Umeruhusiwa tu, hujalazimishwa. Toa kiasi cha kazi uliyokwisha kuijaribu, zilizobaki ziache ziendelee kupata faida, na shemeji ajue hivyo mapema.

Yote haya yanamhusu mwenye mwajiri. Muuza nyanya wa soko la Owino, Kampala, anaweza siku hizi kuchangia NSSF kwa hiari. Asipofanya hivyo, kinachomsubiri ni SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, tena akifikisha miaka 80.