Dawa ya mamilioni au kipimo cha presha: utafiti wa dimensia utufae vipi?

Matokeo mawili ya utafiti yamewagawa watu wanaofuatilia dimensia, ule ugonjwa wa kusahau na kuchanganyikiwa unaowapata zaidi wazee. La kwanza ni la lecanemab, dawa iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. La pili limetoka vijijini China mwaka 2025, na dawa zake ni zilezile za presha zinazouzwa kwenye maduka yetu ya dawa. Swali linalonisumbua ni lipi kati ya hayo sisi wa Afrika Mashariki tulishike kwanza.

Wanaoitetea lecanemab wana hoja nzito. Kwa takriban miaka 30 wanasayansi walishikilia kwamba protini iitwayo amiloidi, inayoganda kwenye ubongo, ndiyo kiini cha ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia inayoongoza kwa wagonjwa, na majaribio ya kuiondoa yakashindwa moja baada ya jingine. Safari hii, kwa lecanemab, watu 1,795 waliokuwa hatua za mwanzo walifuatiliwa kwa miezi 18, na waliopata dawa wakadhoofika polepole zaidi, kwa asilimia 27, kuliko wasioipata. Watetezi hao wanakumbusha pia kwamba dawa za mwanzo za UKIMWI zilikuwa ghali na zenye madhara makali, na leo ARV zinatolewa bure katika vituo vya afya vya Tanzania na Kenya.

Lakini asilimia hiyo inahitaji kufunuliwa. Kwenye kipimo cha ukali wa dimensia chenye alama 0 hadi 18, tofauti ya makundi hayo mawili ilikuwa alama 0.45. Wapo madaktari wanaotilia shaka kama binti anayemuuguza mama yake angeiona tofauti hiyo nyumbani. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi waliopewa dawa alipata uvimbe kwenye ubongo. Wengi hawakuhisi chochote, ila kuugundua kunahitaji picha za ubongo za MRI za mara kwa mara, na katika jaribio hilo dawa yenyewe iliingizwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Agosti 2024 Uingereza iliiruhusu, na siku hiyohiyo chombo kinachoshauri matumizi ya fedha za hospitali za umma England kikapendekeza isigharamiwe, kwa kuwa faida yake ni ndogo mno kulinganisha na gharama. Nchi yenye uwezo huo ikisita, familia inayouza shamba Singida ili kumpeleka baba Dar es Salaam itafanya nini?

Sasa tuje China. Katika vijiji 326 walifuatiliwa watu karibu 34,000 wenye presha, wa miaka 40 na kuendelea. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa kijiji ambao si madaktari bingwa walifuata mwongozo rahisi: pima, ongeza dozi, pima tena, mpaka presha ishuke chini ya 130 kwa 80. Dawa zilikuwa za bei nafuu au bure, na wagonjwa walipewa vipimo vya nyumbani. Vijiji vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miaka minne, uwezekano wa kupata dimensia ulikuwa umepungua kwa asilimia 15 pale presha ilipodhibitiwa. Mantiki yake inaeleweka: presha iliyoachwa miaka mingi huharibu mishipa midogo inayolisha ubongo, na uharibifu huo huanza mtu akiwa bado ana nguvu za kulima na kufanya biashara.

Upande huu nao una udhaifu wake, na wanaoupigia debe hawausemi vya kutosha. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja visababishi 14, vikiwemo kukosa elimu, uziwi, kisukari, presha, sigara na upweke, likasema kwamba vikiondolewa vyote takriban asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kuchelewa. Hesabu hiyo inahusu jamii nzima, tena kwa kudhani kila kimoja kweli ni chanzo. Haimwahidi mtu mmoja chochote. Nimesikia ndugu wa wagonjwa wakijilaumu kwa sababu ya kauli za namna hii, na inaniuma, maana mama aliyenyimwa shule miaka ya 1950 hakuchagua. Majaribio nayo hayakubaliani. Marekani, vifaa vya kusaidia kusikia vilipojaribiwa kwa wazee 977, kwa jumla havikuleta tofauti katika kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari katika hatari kubwa zaidi.

Kuna jambo la tatu, ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na baada ya kusawazisha umri wakakadiria dimensia kuwa asilimia 6.4. Kwa hiyo ugonjwa upo kwetu, na wenye nao mara nyingi huambiwa ni uzee, laana au kurogwa. Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, bibi anayetangatanga usiku na kuongea peke yake anahitaji jina la kitabibu kwa hali yake hata kama dawa haipo. Jina hilo linaweza kumwokoa.

Ndiyo maana naegemea upande wa presha, lakini sikubali tuachwe nje ya utafiti wa dawa. Ibadan, Nigeria, wazee wa Kiyoruba waligundulika kupata Alzheimer kwa kiwango cha chini ya nusu ya Wamarekani weusi wa Indianapolis, na jeni inayoongeza hatari kwingineko haikuonyesha nguvu hiyo kwao. Dawa na vipimo vya damu vinavyosanifiwa bila sisi vinaweza kutupa majibu yasiyo sahihi.

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wapewe kipimo cha presha, mamlaka ya kufuatilia dozi pamoja na zahanati, na dodoso fupi la kumbukumbu kwa kila mzee wanayemtembelea. Miaka minne baadaye tutakuwa na takwimu zetu wenyewe za kulinganisha na zile za China.