Huang He umeangushiwa jumba bovu

Wachina wana msemo kwa mtu aliyeshukiwa jambo na hana namna ya kujitetea: hata ajitose Huang He, ule mto mkubwa wa China, hatatakata. Niliusikia mara ya kwanza bwenini Zhengzhou, enzi za uanafunzi, siku sufuria ya jikoni ilipoungua na macho yote yakanigeukia mimi. (Sikuwa mimi.) Aliyenipa msemo huo alikuwa akicheka, lakini mimi nilibaki na swali langu: na mto wenyewe ukisingiziwa, utajitosa wapi?

Kwa sababu umesingiziwa sana. Vitabu vinauita msiba wa China, utadhani maji yana roho mbaya.

Tuanze na tope, maana ndilo linalotajwa kila mara. Huang He unatokea milima ya Bayan Har huko Qinghai, na juu kule maji yake ni maangavu kama ya kisima. Unapita Lanzhou, ambako watu walivuka tangu zamani kwa machelezo ya ngozi za kondoo zilizojazwa pumzi, kisha unaingia nchi ya udongo wa manjano. Udongo huo ni vumbi lililoletwa na upepo kwa miaka isiyohesabika likalundikana mpaka likawa vilima. Ni laini kiasi kwamba watu wamechimba nyumba humo na wanaishi. Mvua ikinyesha, unayeyuka kama sukari. Katikati ya karne iliyopita mto ulikuwa ukibeba kama tani bilioni 1.6 za tope kwa mwaka. Lakini maandishi ya kale kabisa ya Kichina yanauita "He" tu, yaani Mto. "Huang", manjano, lilikuja kuzoeleka kuanzia enzi za utawala wa Han, kama miaka elfu mbili iliyopita, wakati wakulima walipokuwa wameshafyeka sana nyasi na misitu ya huko juu. Kwa hiyo hata rangi yake, jembe lina mkono wake.

Julai moja, msimu ambao bwawa la Xiaolangdi hufunguliwa ili maji yasukume tope baharini, nilichota maji kwa chupa ya nusu lita nikaiweka dirishani. Usiku mzima sikuigusa. Asubuhi maji juu yalikuwa yametulia, na chini limelala tope la unene wa kidole, laini kama unga wa mhogo.

Sasa fikiria unga huo ukimwagwa kwenye tambarare kila siku. Maji yakipunguza mwendo, tope linatua na kitako cha mto kinapanda. Watu wanainua matuta, kitako kinapanda tena. Ukifika Kaifeng, panda juu ya tuta ujionee: upande mmoja mto, upande wa pili mapaa ya nyumba, na mapaa ndiyo yaliyo chini. Mto umepanda karibu mita 10 juu ya mji. Pale Kaifeng upo Mnara wa Chuma wa mwaka 1049, ambao hauna chuma hata kidogo, ni matofali ya kung'aa kama vigae, yenye rangi ya kutu. Kitako chake kimezama ardhini kwa tope la mafuriko. Kaifeng ya kale, mji mkuu wa ufalme wa Song, imezikwa mita kadhaa chini ya maduka ya leo.

Hapo ndipo watu husema, unaona, mto muuaji. Subiri kwanza. Mwaka 1128 ofisa wa Song, Du Chong, alibomoa tuta ili kuzuia jeshi la Jin, ufalme adui wa kaskazini. Jeshi halikuzuilika, ila mto ulihamia kusini na haukurudi kaskazini kikamilifu mpaka 1855. Mwaka 1642 Kaifeng ilikuwa imezingirwa na waasi wa Li Zicheng, matuta yakabomolewa vitani, na wengi wa wakazi wa mji wakafa maji. Juni 1938, jeshi la Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wakati huo, lilitoboa tuta la Huayuankou, karibu na Zhengzhou, ili Wajapani wasisonge mbele. Wakulima waliokufa kwa maji, njaa na maradhi ni laki kadhaa. Serikali ikatangaza kwamba ndege za Kijapani ndizo zilizolipua tuta. Tundu lile halikuzibwa mpaka 1947.

Sisemi mto ni malaika. Mwaka 1887 ulipasua tuta karibu na Zhengzhou na kuua watu wengi mno, na hakuna jenerali aliyeutuma. Ninachokataa ni kuuandikia mto hesabu zote.

Hata bwawa la Sanmenxia, lililokamilika 1960 kwa msaada wa Wasovieti, lilijaa tope upesi mpaka ikabidi litobolewe upya. Mhandisi Huang Wanli alikuwa ameonya mapema. Walichompa ni jina la mpinzani wa mrengo wa kulia na miaka mingi ya kudhalilishwa.

Watalii wengi huenda Hukou, "mdomo wa birika", pale mto mpana unapobanwa ghafla na miamba ukaporomoka kwa kishindo, maji rangi ya chai ya maziwa. Panapendeza, sikatai. Mimi nitakupeleka Huayuankou. Pana kumbukumbu ya tuta lililotobolewa, na siku za Jumapili hujaa familia, vishada angani, harufu ya viazi vitamu vya kuchoma. Mara ya mwisho nilimwona mtoto wa miaka kama minne akitoka ukingoni, matope mpaka kiunoni, kiatu kimoja hakipo. Mama yake akamshika sikio na kumuuliza nani amemfanya hivyo. Mtoto akageuka, akanyoosha kidole mtoni.