Mhandisi aanze na bikari, kompyuta itafuata

Wanaotaka kuchora kwa mkono kufutwe kwenye masomo ya uhandisi wana hoja moja: kompyuta inachora haraka zaidi. Ni kweli. Ila walioasisi elimu hii hawakuliweka somo hilo ili wapate michoro mizuri. Kwao kuchora kulikuwa ndiko kukokotoa, na naamini kabisa kwamba kulifuta ni kumnyima mwanafunzi uwezo wa kuliona umbo kichwani kabla ya kulijenga.

Twende Mézières, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye shule ya wahandisi wa jeshi iliyoanzishwa 1748. Gaspard Monge aliingia pale miaka ya 1760 kama mchoraji tu, kwa kuwa uanafunzi ulikuwa wa watoto wa makabaila na baba yake alikuwa mchuuzi. Akapewa kazi ya ngome: kuta ziwe na kimo gani ili adui aliye kwenye vilima vya jirani asiweze kuona wala kupiga ndani? Desturi ilikuwa kufanya hesabu ndefu, nukta baada ya nukta. Monge alileta jibu mapema mno, hata ofisa akakataa kulikagua. Aliamini hakuna awezaye kumaliza hesabu zile kwa muda ule. Lilipokaguliwa likawa sahihi, na limepatikana kwa mistari. Jeshi likaifanya mbinu hiyo siri. Hadharani aliifundisha 1795 mjini Paris, baada ya mapinduzi, na ikawa nguzo ya shule mpya iliyoanzishwa 1794, ambayo leo ni École polytechnique.

Waashi na maseremala walikuwa na michoro yao tangu zamani, tena ya ustadi mkubwa, lakini kila umbo lilikuwa na kanuni yake. Monge alibakiza kanuni moja: kila nukta ina taswira mbili, moja kwenye bapa la ulalo, yaani ramani, nyingine kwenye bapa la wima, na zote mbili huangukia mstari mmoja unaokata mstari wa msingi, yaani pale bapa hizo mbili zinapokutana, kwa pembe mraba.

Chukua paa la migongo minne: nyumba ina upana wa mita 6, paa lina kimo cha mita 2, na migongo yote ina mwinamo sawa. Unataka urefu wa boriti ya kona, ile inayopanda kutoka kona ya ukuta hadi kileleni. Kwenye ramani inasomeka mita 4.24. Ukiitazama kwa mbele, mita 3.61. Vipimo vyote viwili si vya kweli, maana boriti imekaa mshazari kwa bapa zote mbili. Weka ncha ya bikari kwenye ramani pale penye kilele, zungusha boriti hadi iwe sambamba na mstari wa msingi. Kona imehama, lakini kimo chake hakijabadilika. Basi ipandishe wima hadi usawa wa juu wa ukuta kwenye taswira ya mbele, kisha iunganishe na kilele. Hapo unapima mita 4.69, na mwinamo ni nyuzi 25 hivi, ilhali mbao za kawaida za paa hilohilo, zile zinazopanda moja kwa moja kutoka ukutani, zina karibu nyuzi 34.

Anayekata kwa kipimo cha ramani anapungukiwa sentimita 45. Anayekata kwa kipimo cha mbele anapungukiwa zaidi ya mita nzima, na mbao imeshaharibika.

Claudius Crozet, aliyesoma Polytechnique, aliipeleka jiometri hii ya Monge West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, mwaka 1816, na kufikia 1821 alikuwa ameiandikia kitabu cha Kiingereza.

Leo programu inatoa 4.69 papo hapo. Lakini ukibofya ukiwa kwenye mwonekano wa juu, yaweza kukupa 4.24 kwa desimali nzuri vilevile, na asiyewahi kuzungusha boriti kwa bikari hana sababu ya kushtuka. Kwa hiyo muhula wa kwanza uwe wa karatasi, kwa skeli ya 1:20, penseli ngumu ya 2H iliyochongwa vizuri, kwani nusu milimita hapo ni sentimita nzima kwenye mbao. Kompyuta ije muhula wa pili, na zoezi lake la kwanza liwe paa hilihili.