Siku niliyoomba mvua mwaloni

Mimi ni mchungaji, na kabla ya kuwa mchungaji nilikuwa mtoto wa mkulima wa Kwimba. Mambo hayo mawili yakikutana mdomoni mwangu wakati maiki imewashwa, kuna watu wanaweza kupata hasara ya magunia.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja na vuli ilikuwa imechelewa. Baba alikuwa akinipigia simu kila baada ya siku mbili, na wala si kunijulia hali. "Mwangaluka," ananisalimia kwa Kisukuma, na kabla sijaitikia vizuri anaunganisha: "Huko mjini mnaomba kweli, au mnaimba tu?" Shamba la mpunga limelimwa, limekaa linamtazama. Choroko bado ziko kwenye debe. Wiki ile ukitoka Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, kuanzia Usagara mpaka Hungumalwa unakutana na vumbi, na ng'ombe ambao mbavu zao unazihesabu ukiwa ndani ya basi.

Wakati huohuo kanisa letu lilikuwa na mzigo wa kuhubiri mialoni, yaani kwenye fukwe za ziwa ambako wavuvi hushusha samaki. Wavuvi wa dagaa si watu wa kuwapata kirahisi. Usiku wako ziwani na taa zao, alfajiri wanashusha mzigo, mchana wamelala kama magogo. Kengele ya Jumapili haiwahusu. Mwezi wa tisa tulikuwa tumeshakwenda kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela na spika mbili na kwaya nzima, tukakuta mbwa, korongo, na mzee mmoja anashona wavu. Kumbe ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa haji kwenye taa. Aifuate taa ya nini na mbingu nzima imewaka? Wavuvi huegesha mitumbwi wakaenda makwao. Yule mzee alisikiliza mahubiri yote mpaka mwisho, akatoa sadaka, kisha akasema, "Siku nyingine, mchungaji, angalieni mwezi kwanza."

Basi mara ya pili tukaangalia mwezi. Tukachagua Jumamosi katikati ya giza, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, saa nane mchana, nikajiona nina akili sana: wanaume watakuwa wameshaamka, na wanawake watakuwa palepale wanageuza dagaa. Nilichosahau ni kwamba giza likileta watu mwaloni, limewaleta kwa sababu ya dagaa.

Na siku hiyo dagaa walikuwepo. Ufukwe mzima ulikuwa mweupe wa fedha, umetandazwa kuanzia kwenye mitumbwi mpaka kwenye vibanda vya chai, na kati ya tandiko moja na jingine kimeachwa kinjia cha kupitisha mguu mmoja. Nawaeleza hivi walioko mbali na ziwa ili waelewe ukubwa wa kosa langu. Mama ananunua dagaa wabichi kwa ndoo alfajiri, mara nyingi kwa hela ya kikoba. Anawaanika. Jua likiwaka sawasawa, jioni anazoa dagaa wakavu wanaolia wakishikwa, wanaingia kwenye gunia, wanakwenda soko la Mwaloni Kirumba, na huko kuna wanunuzi mpaka kutoka Kongo. Jua likikosekana, au wakilowa wakiwa nusu, wanaanza kukatika vichwa na kubadilika rangi, na bei yao inashuka mpaka kwa wauza chakula cha kuku. Biashara nzima iko mikononi mwa siku moja ya jua.

Sisi tukafunga turubai letu, tukawasha jenereta, tukatundika bango. Bango lilikuwa na picha yangu ya suti ya bluu, kubwa kuliko mlango, nimenyoosha mkono. Sikulipenda, lakini kamati ya uinjilisti ilisema watu lazima wamjue mhubiri.

Watu walikuja, na hilo nalisema kwa shukrani. Wanaume walikaa kwenye kingo za mitumbwi. Akina mama walisimama na reki zao mkononi, sikio moja kwangu, jicho moja juu. Mimi nilidhani lile jicho la juu linamtafuta Bwana.

Nilikuwa nimeandaa somo la Eliya mlimani Karmeli, 1 Wafalme 18. Mnalikumbuka: nchi imekauka, nabii ameinama, kichwa kati ya magoti, anamtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari. Anakwenda, anarudi, hakuna kitu. Mara saba. Ile ya saba anaona wingu dogo kama kiganja cha mtu. Sasa mimi nahubiri kando ya ziwa, nina maji mbele yangu, nitaliachaje? Nikampanga kijana mmoja wa kwaya, wa miaka kumi na miwili hivi. Nikamwambia, nikisema "nenda katazame", unakimbia mpaka kwenye maji, unatazama, unarudi, unasema kwa sauti, "Hakuna kitu!" Mara sita. Ya saba ndiyo unasema, "Naona wingu!" Tulifanya mazoezi ya somo hili uani kwangu mara mbili na alilishika vizuri.

Mara ya kwanza alikimbia akarudi: "Hakuna kitu!" Watu wakacheka, wakapenda. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alichelewa kidogo kule majini. Akarudi anatembea.

"Umeona nini?"

"Mchungaji, kuna wingu."

Nikatabasamu kwa ajili ya mkutano, nikaziba maiki kwa kiganja. "Bado. Hii ni ya tatu."

"Lakini lipo."

"Rudi!"

Akaenda. Ya nne akaniambia, "Lipo, na limekuwa kubwa." Nikasema kwenye spika, "Mtumishi akasema, hakuna kitu!" Mtoto akanitazama kama mtu anayesikia mkubwa wake anadanganya kanisani, na kusema ukweli ndicho kilichokuwa kinatokea. Ya tano hakwenda hata majini, alinyoosha kidole tu. Mimi nilikuwa nimelipa ziwa kisogo. Nilikuwa nimeshapanda mlima wangu, na namba saba ilikuwa mbali.

Nikaona bora niruke mpaka kwenye maombi. Nikafumba macho, nikapiga goti kwenye jukwaa, nikaanza kuomba mvua. Na hapo, ndugu zangu, mchungaji aliondoka akabaki mtoto wa Kwimba. Niliomba kwa uchungu wa choroko za baba. "Bwana, fungua madirisha ya mbinguni! Leo, Bwana, si kesho! Ishuke hapa, hapa tuliposimama!" Nilisema "hapa" si chini ya mara kumi, nakanyaga jukwaa.

Upepo ukaja wa baridi. Nikasema moyoni, Roho huyo. Kisha nikasikia kelele za akina mama, viti vya plastiki vikianguka, miguu inakimbia huku na huku. Katika makanisa ya aina yetu hizo ni dalili njema. Nikazidisha sauti.

"Funga!" mama mmoja akapiga kelele karibu nami. "Funga upande huo!"

"Ninamfunga!" nikaitikia. "Shetani, ninakufunga!"

"Vuta! Vuta huku! Achia!"

"Achia!" nikamkemea. "Achia wavuvi hawa! Achia uchumi wao!"

Tone la kwanza likanigonga kwenye paji la uso, zito, la baridi, nami nikalipokea kama mafuta ya upako. La pili. La tatu likaingia sikioni. Nikasimama, bado nimefumba macho, nikashuka jukwaani kuwaendea watu niwawekee mikono, na nikahisi chini ya viatu vyangu kitu kinavunjika kacha, kacha, kacha.

"Mchungaji! Toka juu ya dagaa!"

Nilifumbua macho. Mvua haikuwa imeanza; ilikuwa inafika, unaiona inakuja juu ya maji kama pazia la kijivu linalokokotwa. Hakuna aliyejazwa Roho. Akina mama walikuwa wanasomba. Mmoja anakokota kwa reki, mwingine anazoa kwa beseni, mwingine amevua kitenge amefunika fungu lake amebaki na gauni la ndani na hajali. Turubai letu la mkutano halikuwa tena juu ya kwaya. Lilikuwa chini, wanawake sita wamelikaza juu ya dagaa, ndilo walilokuwa wakisema funga, vuta, achia. Kwaya imesimama uwanjani inalowa na sare zake za zambarau. Fundi mitambo amelikumbatia jenereta kama mtoto mgonjwa. Na bango langu, mzee mmoja alikuwa amelikata kamba kwa kisu akalitandika juu ya fungu lake, uso wangu ukiangalia juu. Nikajiona pale chini, nimenyoosha mkono, natabasamu, mvua inanipiga machoni.

Ilinyesha dakika arobaini hivi. Eliya angeridhika.

Ilipokatika, palikuwa na ule ukimya ambao hata korongo wanauheshimu. Nusu ya dagaa waliokolewa. Nusu nyingine walikuwa wanaelea kwenye vidimbwi vya mchanga, wanarudi ziwani mmojammoja kama waliopewa likizo. Mama mmoja mnene, aliyekuwa na reki ndefu kuliko zote, akaja akasimama mbele yangu. Maji yanamtiririka kwenye kidevu. Hakupandisha sauti.

"Mchungaji, shikamoo."

Alikuwa ananizidi umri, na shikamoo ile niliihisi kama kofi.

"Marahaba, mama... yaani, shikamoo mama."

"Hiyo mvua uliyoiomba. Ulimwuliza nani hapa?"

Sikuwa na andiko.

"Hela yenyewe ni ya kikoba," akasema. "Jumatatu inarudishwa. Haya. Umeomba mvua, tumeiona, Mungu wako anasikia, hilo hatubishi. Sasa omba jua."

Akina mama wote wakanyamaza wanangoja, na hawakuwa wanatania. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni. Yoshua alipoliambia jua lisimame, lilikuwa katikati ya mbingu. Langu mimi lilikuwa limeshaanza kushuka ziwani. Nikaomba. Niliomba kwa sauti ndogo, macho wazi. Jua likatokea kweli, jekundu, zuri la kupiga picha, likakaa kidogo, likazama kwa wakati wake wa kila siku.

"Angalau umejaribu," akasema yule mama.

Mzee wetu wa kanisa alipendekeza tuondoke kimyakimya. Nilimkatalia, si kwa ujasiri, ila gari letu lilikuwa limenasa kwenye matope na wa kulisukuma walikuwa walewale wavuvi. Tukahesabu sadaka ya siku ile, nikaongeza ya mfukoni, nikaongeza iliyokuwa ya mafuta ya gari, tukanunua magunia matatu ya dagaa waliolowa. Wavuvi wakasukuma gari wakiimba. Sikuuliza wimbo ulihusu nini, maana nilisikia neno "mchungaji" kila mwisho wa ubeti na kicheko baada yake.

Harufu ya magunia matatu ya dagaa walionusurika kuoza, ndani ya gari lililofungwa madirisha, na kwaya ya watu kumi na wanne waliolowa, sitaieleza. Mama mchungaji alifungua geti, akavuta pumzi moja, akalifunga tena nikiwa bado nje. Kwa bahati anafuga kuku. Kuku wale walikula kama wako harusini mpaka karibu Pasaka, na muda wote huo mayai yetu yalikuwa na ladha ya dagaa. Wageni walikuwa wanakula kimya, wanatazamana.

Usiku uleule baba alipiga simu. Nikaona hapa sasa ndipo penye faraja. Angalau nyumbani wamepata.

"Baba, mmeionaje mvua?"

"Mvua gani?"

"Ya leo. Ya mchana."

"Huku halijaanguka hata tone. Vumbi mpaka kwenye uji."

Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, mkoa mzima unalia ukame, na lile wingu likachagua mwalo mmoja. Nilimweleza baba habari yote. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo," akasema, "tumekutuma mvua ya Kwimba, wewe umeishushia kwenye dagaa za watu."

Yule kijana wa kwaya nilimwomba radhi Jumapili, mbele ya kanisa. Akasema amenisamehe, ila akauliza kama bado anatakiwa kwenda mara ya sita na ya saba.

Mwalo nao nilidhani umekwisha kwetu. Lakini mwezi wa kwanza, juma la pili, simu ikaingia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama wa reki. Dagaa wale waliookolewa chini ya turubai aliwauza vizuri, kikoba alilipa kwa kuchelewa wiki moja, na wenzake walikuwa wanauliza habari zetu, maana tangu tuondoke hapajachekwa tena vile.

"Tunawakaribisha," akasema. "Mje na wale watoto wanaoimba. Na lile turubai mje nalo."

"Tutakuja, mama. Jumamosi hii?"

"Yaya, hapana! Jumamosi hii ni giza," akasema haraka. "Njooni mbalamwezi."